Anko Besi Anajibu: "Shingo ya besi yangu nene kama mchi"

Haya wadau, safari hii sanduku limejaa barua za shingo. Sio shingo ya mtu, shingo ya gitaa la besi. Sijui mmeambizana au vipi, maana kila bahasha ninayofungua ni nene au nyembamba, ipi nzuri, Anko mkono unauma. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake karibu maswali yote yamo, zilizobaki nitazipitia mbiombio.

Shikamoo Anko. Mi nina miezi 8 kwenye besi, nilianza na gitaa la kawaida nikahamia huku kwa sababu bendi yetu haikuwa na mpiga besi (najua, ndio stori ya kila mtu). Nina Precision ya mtumba (besi ya Fender), sauti yake naipenda sana ila shingo nene kama mchi wa kinu na vidole vyangu vifupi. Nikipiga nusu saa kiganja kinakaza na kifundo cha mkono kinauma, hasa nikiwa huku mwanzoni freti ya 1 mpaka ya 4 (freti ni vile vijipau vya chuma vinavyokatiza shingo – Anko). Mwenzangu anasema niuze ninunue Jazz Bass (nayo ya Fender) au Ibanez maana shingo zake nyembamba, mwingine anasema nivumilie mkono utazoea. Nimsikilize nani? – Vidole Vifupi

Marahaba Vidole Vifupi, pole na mkono.

Usiuze kitu kwanza. Hao wenzako wawili, wa uza na wa vumilia, wote wamekujibu kabla hawajakuuliza swali lenyewe, nalo ni hili: nene wapi? Maana mtu akishika besi ikamsumbua anasema tu "shingo nene" basi, kumbe hapo amefunga mafungu manne kwa kamba moja na kila fungu lina dawa yake.

Kuna upana. Huu unapimwa kwenye nati (sio nati ya bolti jamani, namaanisha kile kijipande cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi zinapitia zikitoka kwenye masikio ya kukazia). Hapo Jazz Bass ina kama milimita 38, Precision nyingi za siku hizi ziko 41 au 42, na zile zinazotengenezwa kwa kufuata mtindo wa miaka ya 1950 zinafika 44. Alafu kuna unene wenyewe, yaani ungelikata hilo shingo kwa msumeno ukapima kutoka kwenye ubao wa freti hadi mgongoni. Nyembamba kabisa kama za Ibanez SR ni milimita 19.5 kwenye freti ya 1 na 21.5 kwenye freti ya 12, za kawaida zinacheza kwenye 21 na kitu mwanzoni, zikianza kufika 23 na zaidi hapo ndio unahisi umeshika mpini wa jembe. Cha tatu ni umbo la mgongo, na hiki ndicho watu wanakisahau: shingo mbili zinaweza kuwa na unene uleule milimita 21, moja ina mabega yaliyolainishwa kama herufi C, nyingine mabega yamejaa kama D au U, ukizishika gizani utaapa kwamba ya pili ni nene zaidi wakati kipimo ni kilekile. Na cha nne ni skeli, urefu wa uzi unaotetema kutoka nati mpaka kwenye brichi (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi), ambao kwa besi nyingi ni inchi 34. Hiyo haihusiani na unene hata chembe ila ndiyo inayoamua freti zimeachana kiasi gani.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umesema unaumia freti ya 1 mpaka ya 4. Kwenye skeli ya inchi 34, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni karibu sentimita 13. Sogea juu, kutoka freti ya 5 hadi ya 8, vidole vilevile vinne vinatandaza sentimita 10.3 tu. Alafu angalia kitu kingine: shingo karibu zote zinanenepa kadri unavyoelekea kwenye bodi. Kwaiyo kama unene ndio ungekuwa adui yako ungeteseka zaidi huko juu, sio huku chini ambako shingo yako iko kwenye wembamba wake wa mwisho! Fanya jaribio leo hii, piga ule wimbo unaokuumiza zaidi lakini uuhamishie freti ya 5 kwenda mbele kwa dakika 20. Mkono ukitulia, basi kinachokuua ni kunyoosha vidole na kidogo huo upana wa kuufikia uzi wa E (ule mnene kuliko wote), sio unene.

Ndio maana nasema huyo wa Jazz Bass yuko sahihi nusu. Hizo milimita 3 au 4 za upana zinasaidia kweli kwa mtu wa vidole vifupi, kufika uzi wa E huna haja ya kupinda kifundo sana. Yule mtengenezaji mwenyewe, Leo Fender, alipotoa Precision mwaka 1951 na baadaye Jazz Bass mwaka 1960, tofauti kubwa ambayo mkono unaihisi ilikuwa hapohapo kwenye nati. Lakini skeli ya zote mbili ni inchi 34, freti hazijasogeleana hata milimita moja, na ukipanda karibu na bodi upana wa hizo shingo mbili unakaribia kulingana, kwaiyo ule "wembamba" unaousikia ni wa freti tano sita za mwanzo tu. Ibanez nayo hivohivo, skeli inchi 34. Utahama nyumba na kunguni ukaenda nao.

Kabla ya hela kutoka mfukoni kuna vitu vitatu vya kukagua, na mi nakwambia nimeona wengi wameishia hapa.

Kwanza gumba. Kaa vizuri, besi iegemee tumboni na mkono wa kulia ushike bodi, alafu bonyeza noti yoyote BILA gumba kugusa shingo kabisa, uvute tu kwa uzito wa mkono. Kama noti inatoka safi, na itatoka, basi nguvu zote zile ulizokuwa unakamulia na gumba ni za bure. Watu waliotoka kwenye gitaa la kawaida wana tabia ya kuning'iniza gumba juu ya shingo na kukumbatia kama wameshika rungu. Kwenye besi gumba likae mgongoni katikati, nyuma ya kidole cha kati, na kidole kinachobonyeza kikae jirani kabisa na freti sio katikati ya nafasi, utashangaa nguvu inavyopungua.

Pili mkanda. Ukipiga umekaa besi iko kifuani, ukisimama iko magotini kwa sababu ndivyo inavyopendeza kwenye picha (tunakujueni). Besi ikishuka kifundo kinalazimika kujikunja, na kifundo kilichojikunja ndicho kinachouma sio kiganja. Weka mkanda urefu ambao ukikaa na ukisimama besi ipo palepale, na kichwa cha shingo kiinuke kidogo. Alafu achia mkono wa kushoto uone: besi ikiinama yenyewe kichwa chini, basi siku zote hizo mkono wako ulikuwa unafanya kazi mbili, kupiga na kubeba. Hapo tafuta mkanda mpana wa ngozi wa upande wa ndani usioteleza, shingo haina kosa.

Tatu ni aksheni, yaani nyuzi ziko juu kiasi gani kutoka kwenye freti. Besi ya mtumba miezi 8 na hujaitaja kupelekwa kwa fundi hata mara moja? Bonyeza uzi wa E freti ya 1 na freti ya mwisho kwa pamoja, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8, iwe kama 0.3 ya milimita, unene wa kadi ya jina hivi. Ikiwa ni kubwa mno shingo imepinda mbele na fundi anaikaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani. Kwenye freti ya 12 uzi wa E ukiwa milimita 2 au 2.5 juu ya freti hapo mkono unapumua. Ukikuta 4, rafiki yangu, hata shingo ya karatasi ingekuumiza. Na vile vifereji vya nyuzi kwenye nati vikichimbwa kwa kina kinachotakiwa vinabadilisha maisha ya freti ya 1 kuliko kitu kingine chochote, muulize fundi hilo kwa jina.

Alafu jifunze kuweka vidole kama wapiga besi ile kubwa ya kusimama. Huko freti za mwanzo wao hawatandazi kidole kimoja kwa kila freti, wanatumia cha kwanza, cha pili na cha nne, cha tatu kinamsaidia mdogo kubonyeza, vidole vyote vinne vinakaa ndani ya nafasi ya freti tatu na mkono mzima unasogea ukitaka noti inayofuata. Ni mtindo uliosambazwa sana na mwalimu mmoja wa karne ya 19 anaitwa Franz Simandl, na unafanya kazi kwenye besi ya umeme vizuri tu. Kuanzia freti ya 5 hivi ndio unarudi kwenye kidole kimoja freti moja.

Na kuhusu "mkono utazoea"... ndio na hapana. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Marekani, alikuwa na Precision ya 1962 yenye nyuzi nene za La Bella na aksheni ya juu sana, tena mkono wa kulia akitumia kidole kimoja, na akapiga nyimbo ambazo mpaka leo tunazitafuta. Lakini yeye alianzia kwenye ile besi kubwa ya kusimama, kwake hiyo Precision ilikuwa kama kupumzika. Usijipime na yeye. Uchovu wa msuli ambao kesho yake umeisha huo utazoea, ila ukianza kuhisi ganzi kwenye vidole au maumivu yanayokuamsha usiku hapo weka besi chini uende kwa daktari, hicho sio kitu cha kuzoea.

Kwaiyo mpango wangu kwako: fundi, mkanda, gumba, mwezi mmoja. Baada ya hapo kama bado freti za mwanzo zinakutesa, basi hiyo Jazz ya milimita 38 ni chaguo zuri, au ujaribu besi ya skeli fupi (nimeieleza kwenye barua ya mama mmoja hapo chini). Sauti ya Precision umesema unaipenda sana, na mi sauti siiuzi kirahisi hivo, kumbuka pia kuna Precision zinazotengenezwa na shingo ya upana wa Jazz, zitafute.

Anko shingo ya besi yangu imepakwa vanishi inang'aa kama kioo, nikitoka jasho mkono unanata siwezi kuteleza. Mtu kaniambia niikwangue yote ibaki mbao tupu. Nifanye? – Mnato

Usikwangue yote. Shingo nyingi ni mbao ya mepo (maple) na mepo tupu inakunywa jasho na uchafu, itabadilika rangi na inaweza hata kujikunja. Wewe unataka tu kuua ule mng'ao. Chukua msasa laini kabisa, namba 1000 au 1500, sugua mgongo wa shingo taratibu kwa kufuata urefu wake mpaka uwe mfu kama ganda la yai, futa na kitambaa, kwisha. Pembeni mwa ubao wa freti na kwenye kichwa ziba na utepe wa karatasi usiharibu. Ule waya laini wa chuma wa kusugulia unafanya kazi hiyohiyo ila unamwaga unga wa chuma na pikapu (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti) ni sumaku, unga ukishaingia humo hautoki, mi nauepuka.

Kitu kimoja tu, ukishaua mng'ao haurudi bila kupakwa upya. Kama besi ni ya thamani ya kizamani, zoea kufuta mikono.

Mambo Anko. Mimi tatizo langu la kinyume. Mikono mikubwa, vidole virefu. Nilinunua Ibanez SR kwa sababu kila mtu anasema shingo nyembamba ndio rahisi kupiga. Mbona gumba langu linakakamaa baada ya nyimbo tatu, na kidole kikibonyeza uzi mmoja kinagusa wa pili? – Beleshi

Poa Beleshi. Asante kwa barua hii, ningeweza nikaibandika ukutani.

Hii imani kwamba nyembamba ni rahisi imewaponza wengi. Jaribu hivi, bana ukingo wa daftari jembamba kati ya gumba na vidole kwa dakika moja, alafu shika chupa ya maji. Ipi imechosha gumba? Shingo nyembamba mgongoni inaleta gumba karibu sana na vidole, na kwa mkono mkubwa hapo msuli wa chini ya gumba unafanya kazi ukiwa umejikunja, hauna sehemu ya kuegemea, unakamua. Shingo iliyojaa inakijaza kiganja na mkono unakaa wazi kidogo. Ndio maana kuna watu wana vidole vifupi tu wa kawaida lakini wanapenda shingo nene mgongoni ilimradi nati iwe nyembamba, na kuna wenye mikono mikubwa wanaopenda bapa. Mkono hausomi urefu wa vidole tu, kuna upana wa kiganja, kuna gumba lenyewe limeanzia wapi, kuna mazoea.

Hiyo ya kugusa uzi wa pili ni nati. SR ya nyuzi nne ina milimita 38, nyuzi zimebanana. Wewe jaribu Precision ya 44 au kitu cha 41 mpaka 42 kama StingRay ya Music Man, na usiangalie namba ukiwa dukani, shika kwanza alafu ndio uulize namba. SR ni besi nzuri, wala sina ugomvi nayo, imetengenezwa kwa ajili ya mkono mwingine.

Je, fundi seremala anaweza kunipunguzia unene wa shingo kwa randa? – Bila jina

Seremala, na randa? Hapana. Ndani ya hiyo shingo kuna mfereji wenye fimbo ya chuma, na mgongoni mbao iliyobaki juu ya fimbo inaweza kuwa milimita chache tu, ukila mno unatokezea upande wa pili na hapo huna shingo una kuni. Hata isipotokezea, shingo iliyopunguzwa inakuwa laini, inayumba na hali ya hewa.

Fundi wa magitaa mwenye uzoefu anaweza kulainisha mabega, yaani kutoa mbao kidogo pembeni na kuacha katikati ilivyo, na hiyo peke yake inafanya shingo ihisiwe nyembamba bila kuigusa fimbo. Ila kama shingo yako imefungwa kwa skrubu nne, njia ya akili ni kununua shingo nyingine yenye vipimo unavyotaka na kuifunga, ile ya asili ukaiweka kabatini. Hakikisha tu skeli ni ileile na kisigino chake kinaingia kwenye tundu la bodi bila kucheza.

Hujambo Anko Besi. Mwanangu wa kike ana miaka 11 anataka kujifunza besi kama baba yake. Baba anasema aanzie kwenye besi yake ya inchi 34 "azoee ya wakubwa" ila mtoto akiishika namwona kama amebeba ngazi. Mi sijui muziki, nani mkweli? – Mama Mtu

Sijambo Mama, na macho yako yanaona vizuri, mwambie baba nimesema.

Kuna besi za skeli fupi, inchi 30, na sio za kuchezea. Höfner 500/1 aliyoinunua Paul McCartney wa Beatles kule Hamburg mwaka 1961 ni skeli ya inchi 30, na Fender walitoa Mustang Bass yao ya inchi 30 mwaka 1966. Kwenye inchi 30 ule umbali wa freti ya 1 hadi ya 4 niliomwambia Vidole Vifupi unashuka kutoka sentimita 13 hadi kama 11.4. Kwa mkono wa mtoto wa miaka 11 hiyo sentimita moja na nusu ni tofauti ya kufika na kutofika. Alafu nyuzi zilezile zikifungwa kwenye skeli fupi kwa sauti ileile mkazo unapungua kama asilimia 22, vidole havichubuki haraka.

Na mna njia ya kujaribu bila kununua chochote. Mwambie baba achukue besi yake, alegeze nyuzi zote kwa toni moja nzima, aweke kapo (kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) kwenye freti ya 2. Sasa uzi unaotetema umebaki inchi 30.3 na sauti ni ya kawaida, E A D G. Hapo mtoto ashike aanze kuhesabu freti baada ya kapo. Mkono wa kushoto utapata karibu picha kamili ya besi fupi, mkazo na nafasi za freti, kasoro tu kwamba gitaa lenyewe bado refu na zito kwa hiyo akae, mumwegemezee kichwa cha shingo kwenye meza au kiti. Msikilizeni. Akitabasamu mmepata jibu.

Kuhusu unene kwa mtoto, nati nyembamba ndio muhimu, mgongo usiwaumize kichwa sana. Angalieni uzito. Besi ya kilo 4 na zaidi kwenye bega la mtoto, hapana. Na baba asiseme kwamba skeli fupi ni ya watoto, Stanley Clarke amejenga jina lake duniani kwa besi fupi.

Nataka kuhamia nyuzi tano ila nikishika shingo yake ni kama ubao wa kupigia pasi. Kuna za mikono ya kawaida? – Tano

Zipo. Angalia namba mbili, upana wa nati na nafasi kati ya uzi na uzi kwenye brichi. Ibanez SR ya nyuzi tano ina nati ya milimita 45, yaani karibu upana wa Precision ya kizamani ya nyuzi nne, na kwenye brichi nyuzi zimeachana 16.5. Kwa mkono wa kushoto hiyo ni raha. Mkono wa kulia ndio utalalamika, hasa kama unapiga slapu (kuchapa uzi kwa gumba), maana umezoea milimita 19 za Jazz au Precision. Zingine zina 17.5, zingine zinabaki na 19 na hizo ndizo pasi zenyewe. Hapa kwenye tano mi natetea shingo nyembamba mgongoni, upana ukishakuwa mkubwa gumba linahitaji kupata nafuu mahali. Na uangalie skeli, baadhi ya besi za nyuzi tano ni inchi 35 ili uzi wa B (ule mzito wa tano) usilegee, mkono wako utailipa hiyo inchi kwenye freti ya 1.

Anko huku niliko siwezi kushika besi kabla ya kununua, naagiza kwa mtandao. Muuzaji wa besi moja ya zamani kaandika "C neck", nimemuuliza unene kaniambia si nimeshakwambia ni C. Nimwelewe vipi? – Mnunuzi wa Mbali

Muuzaji wako huenda hata yeye hajielewi. Kwenye Fender za miaka ya 1960 na 1970 kisigino cha shingo kiligongwa herufi, na hizo herufi zilikuwa za UPANA wa nati: A ni inchi 1.5, B ni inchi 1 na 5/8, C ni inchi 1 na 3/4, yaani hiyo milimita 44. Siku hizi mtu akisema C anamaanisha umbo la mgongo. Kwaiyo "C neck" kwenye besi ya zamani inaweza kuwa shingo pana kuliko zote au shingo ya umbo la kawaida kabisa, na kwa mtu wa vidole vifupi hayo ni mambo mawili ya mbali sana.

Usimuulize herufi. Mwombe vipimo vitatu: upana wa nati, unene kwenye freti ya 1, unene kwenye freti ya 12. Na kama hana kalipa (kile kifaa cha kupimia unene), kuna hii ya kwangu, akate utepe wa karatasi auzungushie mgongoni mwa shingo pale freti ya 1, kutoka ukingo mmoja wa ubao wa freti hadi ukingo wa pili, aweke alama kwa kalamu alafu aunyooshe apime kwa rula. Urefu wa ule utepe unajumlisha upana, unene na mabega kwa pamoja, ndio sehemu ambayo kiganja chako kitaigusa. Wewe fanya hivohivo kwenye besi yoyote ambayo mkono wako unaipenda, hata ya rafiki, ulinganishe. Ukipishana milimita 2 au 3 hutahisi sana. Ukipishana 8 utahisi siku ya kwanza.

Na ulizia kama unaweza kurudisha.

Wewe Anko unapiga shingo gani? – Mdadisi

Nilikuwa na Precision ya milimita 44, mgongo umejaa kama mkono wa mtoto mnene, naipiga miaka sita sijawahi hata kuifikiria shingo yake. Alafu kila mtu kwenye bendi akawa na kitu chembamba kinachong'aa na mi nikaona nimebaki nyuma, nikaiuza, nikanunua nyembamba, miezi minne baadaye gumba likaanza. Nikamfuata yule niliyemuuzia kumwomba aniuzie tena hata kwa kumwongezea. Akanifungulia mlango akiwa ameivaa begani, akaniambia Anko karibu ndani lakini hii hapana.

Sasa hivi napiga nyingine ya 44. Sio ileile.